Sita au Saba? Ukolezi wa Mmumunyo na Namba za Oksidesheni

*"Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi ya usafi kwenye zahanati, na najiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Kemia ndiyo inanitesa. Kuna maswali kila nikifanya nakosa. La kwanza: gramu 5.3 za kaboneti ya sodiamu, Na₂CO₃, zimeyeyushwa kwenye maji hadi kupata 500 sm³ za mmumunyo. Tafuta molariti. Napata 0.05, kitabu kinasema 0.1. La pili: 25 sm³ za mmumunyo huohuo zilihitaji 20 sm³ za asidi ya haidrokloriki, HCl. Tafuta molariti ya asidi. Nikitumia M₁V₁ = M₂V₂ napata 0.125, kitabu kinasema 0.25. La tatu: namba ya oksidesheni ya kromiamu kwenye Cr₂O₇²⁻ napata +7, kitabu kinasema +6. Na manganizi kwenye KMnO₄ inapotezaje elektroni saba nzima? Halafu kuna la kazini. Kila asubuhi tunachanganya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 ili tupate ya asilimia 0.5. Msimamizi anasema kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji. Mimi nikigawanya 3.5 kwa 0.5 napata saba. Nani amekosea? Naanza kuamini kemia si ya watu kama mimi."*

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kurudi kwenye daftari huku ukiwa kazini. Nimezipitia hesabu zako moja moja. Hakuna mahali ulipokosea kuzidisha wala kugawanya. 5.3 ukigawanya kwa 106 ni 0.05 kweli. 0.1 mara 25, gawanya kwa 20, ni 0.125 kweli. Hata ile saba ya kromiamu imetoka kwenye hesabu safi. Unachokosa ni kujua kila namba unayoiandika inahesabu kitu gani, na hicho ni kitu cha kufundishika. Ile sentensi yako ya mwisho naomba uifute.

Tuanze na ndoo ya asubuhi, maana hiyo unaishika kwa mikono yako.

Msimamizi wako yuko sahihi. Saba yako nayo ni sahihi, ila inajibu swali jingine. Unapogawanya 3.5 kwa 0.5 unauliza: nataka ukolezi wa dawa hii upungue mara ngapi? Jibu ni mara saba. Ili ukolezi upungue mara saba, ujazo wote lazima uongezeke mara saba. Ulianza na kikombe kimoja cha dawa, kwa hiyo mwishoni ndani ya ndoo panatakiwa pawe na vikombe saba. Kimoja tayari kimo, nacho ni dawa yenyewe. Maji ya kuongeza ni vikombe sita. Ukiweka saba vya maji utapata vikombe vinane kwa jumla, na 3.5 ukigawanya kwa 8 ni kama 0.44. Kwa macho ndoo hizo mbili hazina tofauti, lakini ya pili ni hafifu kuliko inavyotakiwa, na wewe unaitumia kupangusa damu. Kwenye miongozo ya kuzuia maambukizi utakuta kanuni hii: ukolezi wa dawa gawanya kwa ukolezi unaotaka, kisha toa moja. Sasa unajua hiyo "toa moja" imetoka wapi. Ni kile kikombe cha dawa.

Jipime kwa hili. Wakati wa milipuko ya Ebola watu walinawa mikono kwa mmumunyo wa asilimia 0.05. Ukianza na dawa ya 3.5, unagawanya 3.5 kwa 0.05 unapata 70, kwa hiyo maji ni vikombe 69. Ukianza na ndoo yako ya asilimia 0.5, kikombe kimoja kinataka vikombe tisa vya maji.

Angalia vizuri kilichotokea ndani ya ndoo. Maji yameongezeka, ukolezi umepungua, lakini klorini yenyewe haijaongezeka wala kupungua. Ile iliyokuwa kwenye kikombe kimoja ndiyo hiyohiyo iliyosambaa kwenye vikombe saba. Hapo ndipo ile M₁V₁ = M₂V₂ inapozaliwa. Inasema tu kwamba kiasi cha dawa kabla ya kuzimua ni sawa na kiasi cha dawa baada ya kuzimua: 3.5 × 1 = 0.5 × 7. V₂ ni ujazo wote wa mwisho, kamwe si maji uliyoongeza. Na kanuni hiyo inahusu kitu kimoja kilekile kabla na baada. Shika hayo mawili, tutayahitaji kwenye swali lako la pili.

Sasa kaboneti ya sodiamu. Hapa umechanganya kiasi na ukolezi, na nikikuambia ni kosa linalowapata wanafunzi kuliko yote kwenye mada hii, sikufariji tu. Fikiria birika la chai lililotiwa sukari. Ukimimina kikombe kimoja kutoka kwenye birika, utamu wa chai ya kikombeni ni uleule wa chai ya birikani, lakini sukari iliyomo kikombeni ni kidogo kuliko iliyobaki birikani. Utamu ni ukolezi. Sukari ni kiasi. Moli ni kiasi, na molariti ni ukolezi.

Moli ni hesabu ya chembe. Atomu na molekyuli ni ndogo mno kuhesabiwa moja moja, kwa hiyo wanakemia wanazihesabu kwa mafungu, na fungu moja lina chembe 6.02 × 10²³. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa kimataifa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, ila kwa mtihani wako ile fupi inatosha. Ili kujua una mafungu mangapi, unapima gramu na kugawanya kwa uzito wa fungu moja. Kwa Na₂CO₃ fungu moja ni 23 + 23 + 12 + 16 + 16 + 16, yaani gramu 106. Gramu zako 5.3 ni moli 0.05.

Hapo ndipo ulipoweka kalamu chini. Umejibu swali la "kuna moli ngapi?" wakati mtahini ameuliza "kila lita moja ina moli ngapi?" Una moli 0.05 ndani ya 500 sm³. Lita moja ni 1000 sm³, kwa hiyo 500 sm³ ni nusu lita. Kama nusu lita ina 0.05, lita nzima ingekuwa na 0.1. Basi. Kwa maandishi ya mtihani:

molariti = moli ÷ lita = 0.05 ÷ 0.5 = 0.1 M

Ukitaka kulihakiki jibu bila kitabu, rudi nyuma kwa njia nyingine. Gramu 5.3 kwenye nusu lita ni sawa na gramu 10.6 kwenye lita moja. Gramu 10.6 kwa lita, gawanya kwa 106, ni 0.1. Njia mbili zimekutana. Na ile 1000 inayokusumbua kwenye kanuni za vitabu ni kwa ajili ya kugeuza sm³ kuwa lita, haina siri nyingine. Mimi nakushauri ugeuze ujazo kuwa lita mwanzoni kabisa, kabla hujagusa kanuni yoyote, halafu hiyo 1000 uisahau.

Kuna mitego miwili ya mtahini kwenye swali la namna hii. Mmoja ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Kaboneti ya sodiamu ipo ya aina isiyo na maji, Na₂CO₃, na ipo ya Na₂CO₃·10H₂O, ambayo fungu lake moja lina uzito wa gramu 286 kwa sababu kila chembe inakuja na molekyuli kumi za maji. Kupata moli 0.05 za hiyo ya pili utahitaji gramu 14.3. Mwanafunzi anayesoma swali haraka anagawanya 14.3 kwa 106 na kupoteza swali zima. Mtego mwingine uko kwenye maneno "hadi kupata 500 sm³". Hayasemi uchukue 500 sm³ za maji na kutupia gramu 5.3 ndani. Maabara unayeyusha chumvi kwa maji machache kwanza, unahamishia kwenye flaski yenye alama ya 500, unasuuza chombo cha mwanzo na kumimina masuuzo hayo humo humo ili chembe isibaki nyuma, kisha unajaza maji polepole hadi sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji iguse alama, jicho likiwa usawa wa alama. Jambo hili ni lilelile la vikombe saba: kinachohesabika ni ujazo wa mwisho.

Swali lako la pili lina kosa la aina nyingine kabisa. Umechukua kanuni ya kuzimua ukaipeleka kwenye titresheni, yaani kupima ukolezi wa kitu kwa kukimenyusha na kingine. Kwenye ndoo yako klorini ilikuwa klorini kabla na baada. Kwenye titresheni una vitu viwili tofauti, kaboneti kwenye flaski na asidi kwenye bureti (mrija wenye alama za ujazo na koki chini), na vinamenyuka. Hakuna sababu yoyote moli za kimoja zilingane na moli za kingine, ila kama mlinganyo wa mmenyuko unasema hivyo. Uandike:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Ile 2 iliyo mbele ya HCl ndiyo uliyoiacha. Inasema kila moli moja ya kaboneti inataka moli mbili za asidi. Sasa twende taratibu. Kwenye pipeti ulichukua 25 sm³, yaani lita 0.025, za mmumunyo wa 0.1 M. Moli za kaboneti ni 0.1 × 0.025 = 0.0025. Asidi iliyohitajika ni mara mbili yake, moli 0.005. Moli hizo zilitoka kwenye bureti ndani ya 20 sm³, yaani lita 0.020. Molariti ya asidi ni 0.005 ÷ 0.020 = 0.25 M. Jibu lako la 0.125 ni nusu kamili ya jibu sahihi. Ukiona jibu lako ni nusu au mara mbili ya la kitabu, mara nyingi tatizo liko kwenye namba zilizo mbele ya fomula ndani ya mlinganyo.

Utaniuliza: si kuna kanuni ya MₐVₐ ÷ M_bV_b = nₐ ÷ n_b? Ipo, na ni halali. Anayeielewa inamwokolea dakika kadhaa. Lakini kwa mtu anayejisomea peke yake usiku, baada ya kazi, mimi nasimama upande wa hatua tatu: moli za kitu ninachokijua, uwiano kwenye mlinganyo, moli za kitu ninachokitafuta. Kanuni ina herufi sita na unaweza kubadilisha mbili bila kujua. Hatua tatu zinakulazimisha uandike kwa maneno kila namba ni ya nini, na ukikosea hatua ya tatu, msahihishaji bado anaziona mbili za mwanzo ulizopata.

Tuhamie kwenye namba za oksidesheni. Hapa nitakaa zaidi, maana swali lako kuhusu manganizi ni zuri kuliko unavyodhani.

Wengi hufundishwa kwamba namba ya oksidesheni ni idadi ya elektroni ambazo atomu imepoteza au imepata. Kwa chumvi ya mezani inakaribia ukweli: sodiamu imetoa elektroni moja, klorini imepokea moja, namba zao ni +1 na −1. Lakini kwenye KMnO₄ manganizi haijatupa elektroni saba. Kuing'oa atomu elektroni saba moja baada ya nyingine kunahitaji nishati kubwa mno, mmenyuko wa kwenye chupa ya maabara haufiki huko. Kilichopo ni kwamba manganizi na oksijeni nne zinashirikiana elektroni. Namba ya oksidesheni ni namna ya kufunga hesabu: pale atomu mbili tofauti zinaposhirikiana elektroni, tunaziandika zote kwenye jina la ile yenye nguvu zaidi ya kuvuta. Nguvu hiyo imepimwa. Kwenye kipimo alichokianzisha Linus Pauling mwaka 1932, florini inaongoza kwa karibu 4.0, oksijeni inafuata kwa karibu 3.4, klorini kama 3.2, kaboni kama 2.6, haidrojeni 2.2, na metali nyingi zipo chini ya hapo. Oksijeni inaishinda manganizi, kwa hiyo kwenye daftari elektroni zote wanazoshirikiana zinaandikwa za oksijeni, na manganizi inabaki inadaiwa saba. Deni hilo ni la kwenye daftari.

Kwa hiyo ulipoona haiwezekani manganizi kupoteza elektroni saba, uliona sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kukuambia kwamba namba hiyo haimaanishi hivyo.

Kama ni hesabu ya daftari tu, ina faida gani? Faida yake ni kwamba inatabiri. Namba inapopanda, kitu hicho kimeoksidishwa, yaani kwa hesabu hiyo kimepoteza elektroni. Inaposhuka, kimepokea elektroni. Huenda pamanganeti unaifahamu, zile fuwele za zambarau iliyokolea zinazotumika kuoshea vidonda. Ukishika mmumunyo wake bila glavu, vidole vinageuka kahawia, na hilo doa halitoki kwa sabuni. Manganizi ilikuwa +7, ikachukua elektroni kutoka kwenye ngozi yako, ikashuka hadi +4, nayo ikiwa +4 ni MnO₂, unga wa kahawia usioyeyuka kwenye maji. Mmenyuko huohuo ukiufanya ndani ya asidi, manganizi inashuka hadi +2, na mmumunyo wa zambarau unafifia hadi kuonekana kama maji matupu. Rangi inabadilika mbele ya macho yako, na namba ya oksidesheni ilikuwa imeshakuambia.

Sasa kanuni zenyewe, ambazo nyingi zinatoka kwenye yale niliyoeleza juu. Elementi iliyo peke yake, kama Fe au Cl₂, ni sifuri, kwa sababu atomu zinazofanana hakuna inayomshinda mwenzake. Ioni, yaani chembe yenye chaji, ikiwa ya atomu moja ina namba sawa na chaji yake. Florini kwenye kampaundi zake ni −1 daima. Haidrojeni ni +1, isipokuwa ikiungana na metali, kama kwenye NaH, ambako ni −1. Oksijeni ni −2 karibu kila mahali, lakini kwenye H₂O₂ ni −1, maana pale oksijeni mbili zimeshikana na hakuna anayemnyang'anya mwenzake, na kwenye OF₂ ni +2 kwa sababu imekutana na florini, mbabe wake. Ya mwisho ndiyo iliyokuangusha: jumla ya namba zote ni sawa na chaji ya kitu kizima. Molekyuli isiyo na chaji, jumla ni sifuri. Ioni, jumla ni chaji ya ioni.

Wewe uliandika 2x + 7(−2) = 0, ukapata x = 7. Lakini Cr₂O₇²⁻ ina chaji ya −2 pale juu. Mlinganyo ni:

2x − 14 = −2, kwa hiyo 2x = 12, na x = +6

Usiishie kwenye 12, maana 12 ni ya kromiamu mbili na swali linauliza moja. Unaweza kuhakiki kwa kuandika kampaundi nzima, K₂Cr₂O₇, ambayo haina chaji: potasiamu mbili ni +2, oksijeni saba ni −14, kromiamu mbili lazima ziwe +12 ili jumla iwe sifuri. Kila moja +6.

Kuna uhakiki mwingine naupenda zaidi, na laiti ungefundishwa mapema. Kromiamu ni elementi ya 24. Gesi tulivu inayoitangulia kwenye jedwali ni agoni, ya 18. Toa: kromiamu ina elektroni sita tu nje ya lile ganda lililotulia. Haiwezi kudaiwa saba kwenye mmenyuko wa kawaida, hata kwenye daftari, kwa sababu ya saba haipo ya kutoa. Manganizi ni ya 25, ina saba, na +7 ndiyo dari yake. Kwa hiyo jibu la +7 kwa kromiamu lilitakiwa likushtue kabla hujafungua majibu ya kitabu. Fanya hivyohivyo kwa salfa: 16 toa 10 ya neoni ni 6, na kweli salfa kwenye asidi ya betri, H₂SO₄, ni +6.

Usichanganye namba ya oksidesheni na valensi. Kaboni inashika mikono minne karibu popote utakapoikuta, lakini namba yake inapanda na kushuka. Kwenye methani, CH₄, ni −4. Kwenye methanoli, CH₃OH, ni −2. Ikioksidishwa zaidi inakuwa formaldehaidi, HCHO, ambamo kaboni ni 0, kisha asidi ya fomiki, HCOOH, ambamo ni +2, na mwisho CO₂, +4. Ngazi hiyo haiko kitabuni tu. Mtu akinywa pombe haramu yenye methanoli, ini lake linaipandisha methanoli ngazi hizohizo, na asidi ya fomiki ikijilimbikiza mwilini inaharibu mishipa ya macho. Hiyo ndiyo maana watu wanapofuka. Aliyekunywa anatakiwa hospitali mara moja, hata kama anajiona mzima, kwa sababu madhara huja baada ya saa kadhaa.

Namba yenye sehemu nayo isikutishe. Kwenye Fe₃O₄ utapata chuma ni 8 kwa 3. Hakuna atomu yenye deni la namna hiyo. Ni wastani tu: chuma kimoja ni +2, viwili ni +3, jumla nane.

Turudi kidogo kwenye dawa yako ya klorini, kwa sababu mada zako mbili zinakutana ndani ya chupa hiyo. Kinachofanya kazi ni NaClO. Sodiamu +1, oksijeni −2, kwa hiyo klorini ni +1. Klorini haipendi kuwa chanya. Inatafuta elektroni, inazichukua kutoka kwenye vijidudu, na inashuka hadi −1, yaani inageuka kloridi, ileile ya kwenye chumvi. Hivyo ndivyo inavyoua. Lakini pia inaharibika yenyewe ikikaa kwenye joto na jua, na ndiyo sababu mmumunyo wa 0.5 unatengenezwa upya kila siku. Chupa iliyokaa dirishani miezi kadhaa inaweza kuwa imeshashuka chini ya ile 3.5 iliyoandikwa kwenye lebo, na hapo hata vikombe sita ulivyopima vizuri havitakupa 0.5.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ni kazi yako: usichanganye dawa hiyo na dawa ya choo yenye asidi, wala na amonia. Ndani ya asidi, klorini ya +1 inakutana na klorini ya −1 na zote mbili zinaishia kwenye 0. Klorini yenye namba sifuri ni Cl₂, gesi ya kijani-manjano inayounguza mapafu. Ukisikia harufu kali inayokaba koo, toka nje kwanza, fungua milango, mengine baadaye. Dawa ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15 na umwone daktari hata kama maumivu yamepungua.

Kuhusu maandalizi yako, kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukufanyia. Titresheni haisomwi, inafanywa. Kidole kinatakiwa kizoee kufunga bureti tone likiwa linaning'inia, na jicho lizoee kuona MO (methyl orange, kiashirio cha rangi) ikianza kutoka njano kwenda chungwa, kabla haijawa nyekundu. Uliza mapema kwenye kituo ulichojisajili namna karatasi ya vitendo itakavyofanyika, na kama kuna shule jirani inayokubali watahiniwa binafsi maabara siku za Jumamosi, lipia hata vipindi vichache. Humo usikubali kuvuta pipeti kwa mdomo, hata ukiona wengine wanafanya. Omba kifyonzeo cha mpira. Usijaribu haya nyumbani kwa maji ya betri na kostiki soda. Na kama baada ya kusoma jibu hili bado desimali na uwiano vinakukwamisha, tatizo si la kemia, tafuta mwalimu wa hisabati akae nawe daftari likiwa wazi mezani. Kosa la namna hiyo linaonekana upesi na mtu anayeiangalia kalamu yako ikienda.

Nakuachia kazi. Gramu 2 za NaOH zimeyeyushwa hadi kupata 250 sm³. Tafuta molariti, kisha tafuta ujazo wa H₂SO₄ ya 0.1 M utakaotosha kumaliza 20 sm³ za mmumunyo huo. Andika mlinganyo kwanza. Halafu tafuta namba ya oksidesheni ya naitrojeni kwenye NH₄⁺ na ya klorini kwenye ClO₃⁻. Majibu ni 0.2 M, 20 sm³, −3 na +5. Ukipata tofauti, niandikie ukiweka kila hatua uliyopitia, si jibu la mwisho pekee.